Jibu: Clough alishindwa Leeds, akawezaje Forest?

Ndugu, umeuliza ilikuwaje kocha Mwingereza Brian Clough atimuliwe Leeds United baada ya siku 44 tu mwaka 1974, kisha alitwae Kombe la Ulaya la klabu (leo Ligi ya Mabingwa) mara mbili akiwa na Nottingham Forest. Kwa maoni yangu, jibu ni Peter Taylor, msaidizi wake mwenye jicho kali la kutambua vipaji, ambaye alibaki katika klabu ya Brighton na hakumfuata Leeds. Walipoungana tena Nottingham Forest mwaka 1976, timu ilipanda daraja 1977, ikawa bingwa wa ligi 1978, na katika fainali ya Kombe la Ulaya mwaka 1979 mjini Munich, Trevor Francis (mchezaji aliyenunuliwa kwa pauni milioni moja) akaiunganisha kwa kichwa krosi ya John Robertson kwenye nguzo ya mbali, Malmö wakalala 1-0. Katika fainali ya mwaka 1980 wakaifunga Hamburg. Hata ubingwa wa Derby County wa 1972 waliutwaa wakiwa pamoja.