Maswali ya Wasomaji: Tembo wa Tarangire na Jinsi ya Kuwatembelea

Mhariri, tunaishi Dodoma. Nataka kuwapeleka wanangu watatu Hifadhi ya Taifa ya Tarangire likizo ya Desemba wakaone tembo. Jirani anasema nitapoteza hela bure. Ni kweli?
*Mama wa watatu, Dodoma*

Mama, bure haitakuwa, ila Desemba si mwezi wa kuwaona tembo kwa wingi. Sababu ni maji. Nchi yote inayouzunguka Mto Tarangire ikikauka, mto huo ndio unaobaki na maji, kwa hiyo kuanzia Julai wanyama huanza kuusogelea. Agosti hadi Oktoba unaweza kusimama mahali pamoja ukahesabu makundi kadhaa kando ya mto. Mvua za vuli zikianza, madimbwi hujaa kila upande, nyasi changa huota hadi nyanda za Simanjiro, na tembo hawana tena haja ya kubanana mtoni. Wanatawanyika, wengine hata kutoka nje ya mipaka ya hifadhi. Waliobaki nao hufichwa na majani.

Likizo ya Juni ni afadhali, hasa siku za mwisho, ingawa nyasi huwa bado ndefu. Kama mnaweza kupata siku mbili tu, tumieni Nane Nane au Siku ya Nyerere, 14 Oktoba. Zote zinaangukia kiangazi. Laleni Babati au Kwa Kuchinja ili geti likifunguliwa saa 12 asubuhi muwe hapo. Kutoka Babati mnapita Magugu na Minjingu, na mkifika Kwa Kuchinja mnakata kulia. Kutoka barabara kuu hadi getini ni kama kilomita 7.

Nina Noah yangu. Naruhusiwa kuingia nayo, au lazima nikodi Land Cruiser? Na nibebe nini kwa ajili ya malipo?
*Msomaji, Singida*

Unaruhusiwa. Kiangazi, njia kuu za upande wa kaskazini, kuanzia geti kuu hadi mtoni, gari la kawaida linapita likiendeshwa taratibu. Masika usijaribu. Tarangire ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa hujaa kwenye meno ya tairi hadi tairi linakuwa laini kama chupa, nalo gari linateleza hata pasipo na mwinuko.

Kabla ya kuacha lami, jaza mafuta, pima upepo wa matairi yote pamoja na la spea, na weka kwenye buti kipande cha ubao mnene cha sentimita 30 kwa 30. Jeki peke yake huzama mchangani. Ikiwekwa juu ya ubao inanyanyua. Andika namba ya simu ya getini kwenye karatasi. Ukikwama karibu na wanyama usishuke kusukuma. Kaa ndani na upige simu.

Kwa malipo, chukua kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi ya gari. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa nje, lakini lazima uraia uthibitishwe. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi, wa 5 hadi 15 ana kiwango chake, na wa 16 ni mtu mzima. Gari hulipiwa kwa uzito wake, ndiyo maana kadi inahitajika. Fedha taslimu hazipokelewi: unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Weka salio kwenye simu mkiwa bado mjini.

Ila tukushauri jambo moja. Kama mko watu sita au saba, changeni mkodi gari refu lenye paa la kufunguka. Ukiwa kwenye Noah macho yako yako sawasawa na nyasi, na mtoto aliyeketi katikati hataona zaidi ya migongo.

Tulizunguka saa tano nzima tukaona tembo wawili kwa mbali. Wenzetu waliokuwa upande wa pili waliona mamia. Tulikosea wapi?
*Kikundi cha vijana, Arusha*

Mlikosea kwa kuzunguka. Anayetafuta tembo kwa kukimbizana na kila gari linalopita humaliza mafuta na kuambulia vumbi. Tembo wana ratiba yao. Alfajiri huwa wamesambaa porini wakila. Jua likipanda, kuanzia saa 4 hivi, makundi huanza kushuka mtoni, na kati ya saa 6 na saa 10 alasiri ndipo mto unapojaa tembo. Huo ndio muda ambao wageni wengi huwa wamekwenda kula na kupumzika. Pangeni kinyume chao: kuleni mapema, halafu mwende mkasimame sehemu yenye kivuli inayotazama mto, mzime injini, mkae hapo saa nzima bila kuondoka. Eneo la mapumziko la Matete lina mandhari nzuri ya mto, ila fungeni vioo na vyakula, tumbili wa pale hawabishi hodi.

Mkiwa mmetulia ndipo mtaona yale ambayo mpita njia hayaoni. Mwishoni mwa kiangazi sehemu kubwa ya mto ni mchanga mtupu. Jike mkubwa hufika, hunusa mchanga kwa ncha ya mkonga, huukwangua kwa kucha za mguu wa mbele, kisha huchota mchanga uliolegea na kuutupa pembeni. Shimo likifika kina cha mkonga hutulia akingoja maji yajichuje. Yale ya kwanza yenye tope mara nyingi huyamwaga. Ndama hujipenyeza chini ya shingo yake wakitaka kuonja. Kundi likiondoka, nyani, ngiri na ndege huja kunywa kwenye shimo lilelile.

Mkiwa na siku ya pili, shukeni kusini hadi bwawa la majani la Silale. Huko tembo huingia kwenye tope hadi tumboni. Mtazameni mmoja tu: anazungushia mkonga fungu la nyasi, anang'oa, halafu analipiga fungu hilo kwenye mguu mara mbili, tatu, udongo udondoke ndipo ale. Njiani angalieni pia mibuyu. Mingi imechunwa maganda kuzunguka shina, mingine imetobolewa kabisa, kwa kuwa mti wa mbuyu hushika maji na tembo huutafuna wakati wa ukame.

Jike mmoja alitanua masikio, akapiga kelele na kutujia mbio. Dereva alipiga honi na kurudi nyuma kwa kasi, nusura tuingie mtaroni. Alifanya sawa?
*Msomaji, Moshi*

Kupiga honi lilikuwa kosa, na kurudi nyuma kwa kasi bila kuona unakokwenda ni hatari pengine kuliko tembo mwenyewe. Lakini kosa kubwa lilitangulia: mlikuwa karibu mno, na mlishaonywa kabla hajakimbia.

Tembo huonya kwa hatua. Kwanza anaacha kula, wakati mwingine majani yakining'inia mdomoni. Kisha anageuka kuwaangalia uso kwa uso, mkonga umeinuka na ncha yake imeelekezwa kwenu, ananusa. Baadhi hupembeza mguu mmoja wa mbele hewani kama asiyeamua aende au abaki. Halafu anatikisa kichwa kwa nguvu, masikio yakipiga mwilini kwa kishindo. Hapo ameshasema ondokeni. Ndipo anakuja mbio, masikio wazi, vumbi na kelele, na mara nyingi husimama kabla ya kufika. Anatisha ili mwende zenu. Anayekuja kimya, kichwa chini, masikio yamelazwa nyuma na mkonga umekunjwa kuelekea kifuani, huyo hatishi tena. Usiikariri kama hesabu, lakini, kwa sababu yako mashambulizi ya kweli yenye kelele.

Dereva afanye hivi. Akiona kundi lenye ndama, asimame mita 30 au zaidi, yaani urefu wa Land Cruiser sita zikiwa foleni, na aegeshe gari pua ikitazama njia ya kutokea. Kama tembo wametulia, azime injini na waachwe wasogee wenyewe. Dalili za kwanza zikitokea injini ikiwa imezimwa, asiiwashe papo hapo. Mngurumo wa ghafla ndio unaoweza kumchokoza. Watu wanyamaze, mikono ndani, hadi tembo ageuze kichwa, kisha gari liondoke polepole. Ikiwa injini inawaka, aondoke mapema, asisubiri mbio. Akija kweli, gari liende mbele kwa kasi na bila kusita.

Mambo mawili huleta balaa kuliko yote. La kwanza ni kulikata kundi linalovuka barabara. Mkiona nusu ya familia iko kulia na nusu kushoto, ngojeni hadi wa mwisho apite. La pili ni jike anayesimama hataki kusogea. Yumkini ndama amelala kwenye nyasi ambako ninyi hamumwoni.

Dume aliye kwenye kipindi cha kutafuta majike mpisheni mbali zaidi, mita 100 zikipatikana. Mtamjua: majimaji yanamchuruzika kati ya jicho na sikio, mkojo unamdondoka ukilowesha miguu ya nyuma, harufu ni kali, na anatembea kichwa juu.

Na tuwaelewe pia. Hesabu rasmi zilionyesha Tanzania ilikuwa na tembo takriban 109,000 mwaka 2009, na takriban 43,000 tu mwaka 2014, kwa sababu ya ujangili. Jike wa miaka 40 unayemkuta porini leo ameishi nyakati hizo zote. Ana haki ya kulitazama gari kwa mashaka.

Nawapeleka wanafunzi. Dume na jike wote wana pembe, niwafundishe wawatofautisheje?
*Mwalimu, Babati*

Mwalimu, waambie watazame paji la uso kwa ubavuni. La jike lina kona kali, la dume limejipinda kama mgongo wa chungu. Pembe za jike ni nyembamba, za dume ni nene pale zinapotokea. Jike mwenye ndama ana matiti mawili katikati ya miguu ya mbele, si kwenye kiuno kama ng'ombe. Ndama anayepita chini ya tumbo la mama yake bila kuinama hajafikisha mwaka.

Waeleze na habari ya magego, wataipenda. Tembo hupata seti sita za magego maishani, mapya yakisukuma ya zamani kutoka nyuma kwenda mbele. Seti ya sita ikilika hakuna nyingine, ndipo wazee hutafuta nyasi laini za bwawani, kama zile za Silale.

Kwa nini ndovu wa Tsavo ni wekundu? Ni aina nyingine?
*Msomaji, Mombasa*

Ni walewale ndovu wa savana. Ardhi ya Tsavo Mashariki ni nyekundu, nao hujirushia vumbi na kujipaka tope ili kujikinga na jua na wadudu. Wakitoka majini utaona rangi yao halisi ya kijivu. Kutoka Mombasa panda treni hadi Voi, geti liko jirani na mji. Kiangazi nenda ukawasubiri bwawa la Aruba.

Mbung'o walitutesa Tarangire, hasa dada yangu. Tufanye nini?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Bila shaka dada alivaa buluu au nyeusi. Rangi hizo huwavuta mbung'o, hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Vaeni kaki au kijani iliyofifia, mikono mirefu, kitambaa kizito, kwani chepesi hukipenya wakang'ata. Wao hufuata kitu kinachotembea, kwa hiyo mkiingia kwenye miti mingi fungeni vioo na paa kabla hawajaingia, mfungue tena mkifika mbugani penye upepo. Dawa za kupaka za kufukuza mbu haziwasumbui sana. Kidonda kikivimba, au homa ikija wiki chache baada ya safari, nendeni hospitali na mmwambie daktari kwamba mliumwa na mbung'o, ili pamoja na malaria apime na malale.