Nilivyojifungia nje ya seva yangu mwenyewe

Siku ya kwanza kuwasha ufw, faiawoli ya Ubuntu inayoamua miunganisho ipi iingie kwenye seva, nilikuwa na njaa. Seva ya kukodi, Ubuntu, nimeingia kwa SSH, njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali. Nikaandika `ufw enable`. Ikanionya kwamba SSH inaweza kukatika, niendelee? Nikabonyeza y. Dirisha halikukatika, nikaona mambo shwari, nikafunga kompyuta nikaenda kula. Kumbe muunganisho ulioanza kabla huachwa uendelee. Niliporudi, kuingia upya kukagoma kabisa.

Kilichoniokoa ni konsoli ya kwenye kivinjari, ile wanayoweka wakodishaji wa seva. Yako ijue iko wapi na ijaribu leo, kabla hujagusa faiawoli.

Sasa hivi utaratibu wangu ni huu, na siupindui:

`ufw default deny incoming`
`ufw default allow outgoing`
`ufw allow OpenSSH`
`ufw allow 80/tcp`
`ufw allow 443/tcp`

Yaani zuia vinavyoingia, ruhusu vinavyotoka, kisha fungua SSH na poti (milango) 80 na 443 za tovuti. Ndipo `ufw enable`. Kama SSH yako umeihamisha, hiyo OpenSSH haikusaidii, inafungua poti 22 tu. Taja namba yako. Mimi hujiwekea na bima: `echo "ufw disable" | at now + 5 minutes`. Nikijifungia, baada ya dakika tano inajizima yenyewe. Nikifungua dirisha la pili na kuingia vizuri, naifuta kazi hiyo kwa `atrm`.

Wengi hushauri uruhusu SSH kutoka anwani yako ya IP peke yake. Ushauri mzuri kwa mwenye anwani isiyobadilika. Sisi wa bando la simu, ukizima data na kuwasha unaweza kupewa anwani nyingine. Afadhali utumie funguo badala ya nywila, na `ufw limit OpenSSH`, ambayo humzuia anayejaribu mara sita au zaidi ndani ya sekunde 30.

Kilichonitia aibu zaidi ni Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya kontena, yaani vyumba vilivyotengwa. Niliendesha hifadhidata ya PostgreSQL kwenye kontena kwa `-p 5432:5432`, yaani poti yake 5432 ifunguliwe kwenye seva. Nikitazama `ufw status`, 5432 haimo. Nikalala usingizi mzuri. Rafiki yangu akaniambia ngoja nijaribu kutoka kwangu, akaandika `nc -zv`, amri ya kugonga poti, na anwani ya seva na 5432, na poti ikamjibu. Docker huandika sheria zake yenyewe kwenye iptables, kichujio cha pakiti cha Linux, na pakiti za kontena hazipiti kule ufw inakolinda. Dawa yake ni `-p 127.0.0.1:5432:5432`, hifadhidata isikilize ndani ya seva tu. Tangu hapo orodha ya ufw siiamini peke yake. Naangalia `ss -tlnp`, inayoorodhesha poti zinazosikiliza, kisha nawasha intaneti ya simu na kugonga poti moja moja kutoka nje.

Jambo dogo la mwisho, kufuta sheria. `ufw status numbered` hukupa namba, lakini ukifuta moja, zote za chini yake hupanda. Anza na namba kubwa. Mimi nilitaka kuondoa ya 2 na ya 4, nikaanza na ya 2. Ya 4 ikawa ya 3, na 443, iliyokuwa ya 5, ikakaa pale kwenye 4. Ufw ilinionyesha kabisa sheria inayofutwa, ikauliza kama niendelee. Nikabonyeza y. Mteja akapiga simu kabla sijamaliza chai.