Ukienda kumwona mgonjwa asiyepona, usianze na sala

Mimi ni mchungaji, na sala ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo naomba nieleweke ninaposema kwamba ninapowatembelea wagonjwa wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wasiotarajiwa kupona, hapa Moshi, sala huja karibu na kuaga, mara nyingi chai ikiwa imeshanyweka. Nawaandikia wachungaji wenzangu, wainjilisti, makatekista, mashehe, wazee wa kanisa na kina mama wa jumuiya, kwa sababu ninyi ndio mnaobisha hodi kwenye nyumba ambazo hospitali imeshasema mgonjwa akapumzike nyumbani.

Huku kwetu wagonjwa wengi wa namna hii hawalazwi kwenye jengo maalumu. Wako kwao, Kibosho, Uru, Machame, Pasua, na timu ndiyo inayowafuata: muuguzi, siku nyingine daktari, dereva, na mimi. Masika barabara za juu zikishateleza, tunaacha gari na kupanda kwa miguu.

Nikishaamkia, kitu cha kwanza ninachotafuta kwa macho ni chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali. Mtu mwenye maumivu makali hasikii neno lako, hata uwe na sauti nzuri namna gani. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, lakini nyumba nyingi huiweka kabatini wakisubiri "akizidiwa". Wengine wanasema ni dawa ya kulevya, wengine wanaamini ni ya kumalizia mtu. Kuondoa hofu hiyo ni kazi ya muuguzi, ila kuna hofu moja ambayo muuguzi akiijibu haieleweki mpaka mtumishi wa Mungu aseme. Nimemsikia mgonjwa akimwambia binti yake, "Nikinywa hiyo nitakuwa nimekosa imani." Basi mimi ndiye ninayekaa hapo na kumwambia kwamba mofini iliyopimwa na mtaalamu haiui, na kwamba Mungu hakumtaka ateseke ili kuthibitisha jambo lolote. Kama inamfunga choo, asiache kunywa, amwambie muuguzi, kuna dawa yake. Ndiyo, mchungaji anazungumza habari za choo. Zizungumzeni.

Cicely Saunders wa Uingereza, aliyeweka msingi wa huduma hii kama tunavyoijua leo, alikuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wanaoelekea kufa, ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu aliye karibu na kufa hukaa mwilini, moyoni, kwenye uhusiano wake na watu, na rohoni, yote kwa mkupuo. Nilikuwa nimeyasoma hayo darasani. Niliyaelewa kwa mzee mmoja wa milimani huku, saratani ya tezi dume ikiwa imeshaingia mifupani.

Muuguzi alikuwa amempandishia dozi, na mchana mzee alikuwa mtulivu. Ikifika jioni anaanza kuugulia mpaka nyumba nzima haikai. Muuguzi akaniambia, "Mchungaji, hii ya jioni haiko kwenye mfupa. Kaa naye." Nikakaa. Tukaongea habari za kahawa, za mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, uliokauka, za ng'ombe. Jua lilipoanza kushuka, mtu akapita njiani nyuma ya nyumba na mzigo wa majani kichwani, akakohoa. Mzee akageukia ukutani. Yule alikuwa mdogo wake. Walikuwa wamegombana kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na tangu hapo hawakuwa wakisalimiana, ingawa kila jioni mdogo mtu alipita palepale akitoka kukata majani.

Sikumhubiria habari ya kusamehe. Nilimuuliza tu, "Baba, ungependa kumwambia nini?" Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwita mjukuu na kumtuma akakate sale. Wasomaji wa nje ya Kilimanjaro huenda hamlijui: ni mmea wenye majani marefu ambao Wachagga huupanda kuwa alama ya mpaka, na jani lake ndilo hupelekwa kwa mtu unayemwomba radhi. Ukiletewa sale, kukataa ni jambo zito sana. Kijana akalikata kwenye mpaka uleule uliogombaniwa, akalipeleka. Mdogo mtu alifika usiku huohuo. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo kaka," na mengine wakayasema kwa Kichagga ambacho mimi Mpare sikukifuata chote, wala hakikunihusu.

Dozi haikupunguzwa, saratani ilikuwa palepale. Lakini jioni zake zikawa na utulivu mpaka alipofariki. Nimewahi kusikia watumishi wakiita sale upagani na kukataza lisiingie kwenye nyumba ya mgonjwa Mkristo. Nawasihi sana, msifanye hivyo. Mtu anapotafuta njia ya kumfikia ndugu yake kabla hajafa, kazi yetu ni kumfungulia mlango.

Jambo jingine ni lile sharti mnalopewa na ndugu pale uani kabla hamjaingia: "Usimwambie ana kansa." Mimi huwa sibishani nao, maana wanasema hivyo kwa upendo, na kutoa majibu ya vipimo ni kazi ya daktari. Nawaahidi sitamwambia jambo asiloniuliza, lakini pia sitamdanganya akiniuliza. Nikiingia, huwa nauliza, "Unauonaje huu ugonjwa wako?" Kisha nanyamaza. Bibi mmoja ambaye wanawe walikuwa wamenisihi hivyo alinijibu kwamba migomba mitatu nyuma ya banda la ng'ombe isiwekwe tena mbolea, ni hasara, kwa kuwa itabidi ikatwe kupisha kaburi lake. Alikuwa ameshachagua mahali. Alichokosa ni mtu wa kumwambia bila huyo mtu kuanza kulia au kumkemea kwamba anajitabiria mabaya. Nilimwomba ruhusa niwaite wanawe, akawaambia mwenyewe.

Hapo ndipo ahadi za uponyaji zinapoumiza. Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa iliyosemekana kuponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500. Simlaumu aliyekwenda, mgonjwa na ndugu zake hushika chochote kinachoshikika. Ninachowaomba watumishi ni msimwambie mtu kitandani kwamba amepona, aache dawa, halafu msirudi tena. Asipopona, anabaki na maumivu na pia lawama kwamba imani yake ni ndogo. Tumaini halifi kwa kusema ukweli. Nimeona mtu aliyekuwa akitumaini kupona akaanza kutumaini kuona kipaimara cha mjukuu wake, akajipanga, akapunguza kuongea na wageni ili abaki na nguvu za siku hiyo, akaiona.

Kwa wagonjwa wa dini nyingine kanuni yangu ni fupi: namwita kiongozi wa dini hiyo. Mgonjwa Mwislamu ana haki ya kusomewa Yasini, kukumbushwa shahada na kulazwa kuelekea kibla, na hayo yana watu wake. Namba ya shehe wa mtaa iwe kwenye simu yako kabla hujaihitaji. Kwa Wakatoliki, shida ninayoiona ni kuchelewa kumwita padre, kwa hofu kwamba akionekana na mafuta mgonjwa atajua amefika mwisho. Tangu mageuzi ya mwaka 1972 Kanisa lao linaita sakramenti hiyo Mpako wa Wagonjwa, na mtu anayeugua sana anaweza kuipokea akiwa bado anaongea na kufurahia. Mwiteni mapema.

Chakula nacho kinaleta machozi. Mama anapika mtori mzuri, mgonjwa wa saratani ya umio anashindwa kumeza, na mama anaona amekataliwa yeye. Mweleze kwamba mwili unaoelekea mwisho hauhitaji tena chakula kama zamani, na kulazimisha kunaweza kumpalia. Mpe kazi ya kufanya: kitambaa safi, maji kidogo, amlowanishe midomo. Akisinzia tu bila kujibu, waambie waendelee kuzungumza naye kwa upole, na wasigombanie shamba kando ya kitanda, maana huenda anasikia.

Na sala? Inakuja, ila kwanza uliza, "Nikuombee nini?" Usidhani unajua. Mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi alinijibu kwa sauti ya chini, "Niombee nisinuke." Kidonda chake kilikuwa na harufu, na wanawe walikuwa wakikaa karibu na mlango wakijifanya wanataka upepo. Kama ningeanza na sala yangu ya kawaida, ningemwombea uponyaji, faraja na amani, nikaondoka bila kujua. Nikasogeza kigoda hadi kitandani, nikamshika mkono, nikaomba alichoniomba kwa maneno yake yaleyale. Kisha nikatoka kumwambia muuguzi, kwa sababu ipo dawa ya kupunguza harufu ya kidonda. Ililetwa, na binti zake wakarudi kumsuka nywele.

Mtu akishazikwa, usihesabu kwamba umemaliza. Nenda tena turubai likiwa limeshashushwa na ndugu wa Dar wameshapanda basi. Kumbusha mofini iliyobaki irudishwe kwa muuguzi, isikae nyumbani wala isigawiwe kwa jirani anayeumwa mgongo. Halafu mtafute aliyekuwa akimgeuza mgonjwa usiku, ambaye mara nyingi ni mkwe au binti asiyetajwa kwenye shukrani za familia. Muulize kama anapata usingizi, na kama kuna jambo ambalo mgonjwa alimwambia nyakati hizo za usiku na bado hajamwambia mtu.