Usiipake Mbao Rangi ya Mbao

Gati langu la kwanza lilikuwa la kahawia. Kahawia tupu, kuanzia nguzo hadi ubao wa mwisho, na nililionea fahari wiki nzima mpaka mpwa wangu aliponiuliza, "Mjomba, hili gati wamelijenga jana?" Tulikuwa tunaandaa Vita vya Tanga vya Novemba 1914, vya Waingereza na Wajerumani, juu ya meza ya kulia chakula, hapa Chumbageni, Tanga, na mtoto wa miaka 12 akaona nilichokuwa sikioni. Askari wangu walikuwa na vumbi, jasho na viraka. Bandari yao ilikuwa imetoka dukani.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ni vita vya mezani. Una vijisanamu vya askari vya milimita 28, dadu, futi ya kupimia hatua, na mandhari ya nyumba, miti na mabanda. Watu humaliza mwezi mzima wakiwapaka askari rangi hadi vifungo vya koti, halafu mandhari wanayafanya harakaharaka jioni moja. Nami nilikuwa hivyohivyo.

Baada ya lile swali nilishuka Deep Sea, kwenye soko la samaki, asubuhi, si kununua samaki bali kutazama mbao. Kulikuwa na fundi mmoja mzee anaziba dau kwa pamba na mafuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Samaki wameshakwisha, mwanangu."

"Natafuta mbao kuukuu, mzee. Kuzitazama tu."

Alinitazama kidogo, kisha akanivuta mpaka kwenye ubavu wa chombo kilichokuwa kimelazwa mchangani miaka mingi. "Weka kidole hapa. Sasa weka hapa." Juu, kwenye jua, ubao ulikuwa wa kijivu cha majivu, nyuzi zimesimama kama mistari ya daftari. Shubiri moja chini yake, pale kamba iliposugua kila siku, ulikuwa laini, wa hudhurungi, unang'aa. Na kila kichwa cha msumari kilikuwa kimetiririsha mchirizi mweusi kama wino. Ubao mmoja, rangi tatu, na hakuna hata moja iliyofanana na gati langu.

Sababu zake zinaeleweka. Jua huivunja lignini, ile gundi ya asili inayozishika nyuzi za mti. Mvua inaiosha, zinabaki nyuzi za kijivu. Ule weusi wa msumari ni chuma kukutana na tanini, ule ukakasi uliomo ndani ya mbao. Hilo la msumari ndilo lililonifungua macho, kwa sababu unaweza kulifanya jikoni.

Nunua stiliwaya ya kusugulia masufuria, ile ya nyuzi laini inayoshika kutu. Zile za kung'aa zilizojisokota hazifai, maana hazishiki kutu hata ukizizika. Kama una shaka, ilowanishe kipande ukilaze usiku mmoja. Asubuhi kitasema chenyewe. Ioshe kwa sabuni kutoa mafuta, ichanechane, itie kwenye chupa ya kioo, mimina siki nyeupe mpaka izame. Baada ya siku 2 au 3 chuja kwa kitambaa. Na kifuniko usikikaze! Chuma na siki vinatoa hewa. Mimi nilikikaza vizuri kabisa, kama achari, na usiku wa pili kifuniko kikaruka hadi juu ya kabati la vyombo. Ukuta bado una alama, na mke wangu bado ana la kusema.

Mbao za gati langu ni vijiti vya aiskrimu. Hivyo vina tanini kidogo, kwa hiyo vipake kwanza chai ya rangi, nzito, iliyochemka mpaka ikawa chungu. Viache vikauke. Kisha pitisha ile siki kwa brashi. Kwa dakika chache hutaona kitu, utadhani nimekudanganya. Halafu kijivu kinaanza kupanda kutoka ndani ya ubao, hakilali juu kama rangi, na kila kijiti kinatoka tofauti na mwenzake. Ikizidi weusi, punguza siki kwa maji. Jaribu kwenye vipande vya kutupa kwanza. Maganda ya mkoko yamejaa tanini na yanafanya kazi vizuri kuliko chai. Mimi nilitumia yaliyobanduka kwenye boriti la zamani, usiende kumchuna mkoko kwa ajili ya mchezo.

Mpangilio wa kazi ndio unaowaangusha wengi. Kata, kwaruza, tia rangi, halafu ndipo ugundishe. Gundi nyeupe ya mbao ikishagusa ubao inaziba vinyweleo, na siki haipiti tena. Utabaki na madoa ya njano kwenye kila kiungo. Nilitupa banda zima la stesheni kwa kosa hilo. Kukwaruza nako fanya kwa brashi ya waya, kwa kufuata nyuzi, kamwe usizikate.

Vipimo sitavirefusha. Kwa askari wa milimita 28 mimi hutumia 1 kwa 56, maana yake mita moja ni kama milimita 18. Kijiti cha aiskrimu kina upana wa karibu milimita 10, yaani ubao wa zaidi ya nusu mita, na hakuna seremala wa Ngamiani atakayekuuzia ubao huo. Upasue vipande vitatu. Hilo peke yake lilibadilisha gati langu kuliko rangi yoyote.

Sasa maji. Pwani yetu maji ya bamvu, yale makubwa, yanapanda na kushuka karibu mita 3, kwa hiyo kwenye nguzo ya gati hiyo ni milimita 54 za hadithi. Sehemu ya chini kabisa ni nyeusi yenye kijani cha mwani. Juu yake ukanda wa chaza. Kisha panakuja mahali pa maji ya kurukia, kahawia iliyolowa, na kutoka hapo kwenda juu ni kijivu cha jua. Usichore mstari kama wa rula, kwa sababu mawimbi hayana rula. Kijani nakipata kwa rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji mpaka inakaribia kuwa chai, tabaka 3 au 4, nikianzia juu kidogo kila mara. Mbao za kukanyagia nazipitishia brashi karibu kavu yenye rangi ya pembe za ndovu, pembezoni tu. Katikati, watu wanapopita, nazisugua kwa kidole chenye mafuta kidogo.

Kamba zimetuangukia wenyeji wa Tanga kama bahati: katani. Nyuzi 3 ukizisokota zinatosha kufunga mashua, na fungu likikatwa fupi linakuwa ezeko la makuti. Udongo nilijaribu kutumia majani ya chai yaliyotumika. Masika ilipofika yakaota ukungu mweupe, nikabaki na uwanja wa vita wenye theluji. Tumia mchanga uliokaangwa.

Wajuzi wa historia wataniambia kwamba jeshi la Waingereza lililotoka India lilishukia ufukweni upande wa Ras Kasone, si kwenye gati kama langu. Kweli. Gati nimelibuni kwa sababu nalipenda. Ila nyuki sikuwabuni, wale waliowavamia askari katikati ya mapigano, na kwa ajili yao nimetundika mizinga ya magogo mitini: vijiti vya mwarobaini vya milimita 18, ncha zimetobolewa kwa sindano ya moto. Hivyo havihitaji siki. Vianike tu juu ya bati wiki mbili.

Gati jipya mpwa wangu alilikagua kwa tochi ya simu, akainama mpaka chini ya nguzo. "Mjomba, chaza ziko wapi?" Nimesaga ganda la yai, nabandika chembe moja moja kwa kijiti cha meno. Nguzo 6 zimekwisha, bado 14.