Simba wa MGM ni wa nani siku hizi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina DVD ya Mogambo aliyoniachia marehemu babu, ile walopiga huku kwetu Kenya na Tanganyika akina Clark Gable. Mwanzoni simba wa MGM ananguruma kama kawaida lakini ukigeuza kava nyuma imeandikwa Warner. Halafu nasikia Amazon ndo wenye MGM, na mjomba anabisha kwamba MGM ni hoteli ya kamari Las Vegas. Sasa mwenye mali ni nani? Tunataka kuionyesha kwenye ukumbi wa kata, tunamwomba nani ruhusa? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Poa sana ndugu yangu. Wote mko sahihi, hata mjomba, maana MGM, studio ya filamu ya Marekani, ilichinjwa vipande na kila kipande kikaenda kwa mtu wake.

Mwaka 1924 Marcus Loew, tajiri wa majumba ya sinema, aliunganisha kampuni tatu, Metro, Goldwyn na ya Louis B. Mayer, ndo likapatikana jina Metro-Goldwyn-Mayer. Simba alikuja na Goldwyn. Loew alikuwa anatengeneza filamu na kuzionyesha kwenye kumbi zake mwenyewe, hela inazunguka mle mle, mpaka mahakama kuu ya Marekani ilipoamua 1948 kwamba studio kubwa zitenganishwe na kumbi zao, na hapo nguvu ikaanza kupungua.

Mwaka 1969 tajiri Kirk Kerkorian akaichukua studio, na hapa kwa kweli mimi naumia, kwa sababu huyu hakuwa mtu wa filamu, alitaka jina na ardhi. Mwaka uliofuata vitu vya stoo vikapigwa mnada, nguo, samani, mapanga, hadi vile viatu vyekundu vya Judy Garland vya The Wizard of Oz vikaondoka kwa dola 15,000, na viwanja vya kupigia picha vikauzwa vijengwe nyumba. 1973 akafungua hoteli ya MGM Grand kule Las Vegas, hiyo ndo ya mjomba, na leo ni kampuni nyingine kabisa haihusiani na studio.

Sasa sikiliza hapa ndo jibu lako lilipo. 1986 Ted Turner, yule wa CNN, aliinunua studio kwa dola bilioni 1.5 hivi, madeni yakamkaba, haikupita miezi mingi akamrudishia Kerkorian jina na simba, eneo la studio pale Culver City likauzwa kwa wengine (siku hizi wapo Sony), ila filamu za zamani akazing'ang'ania. Watu walisema kapigwa, kumbe yeye alikuwa na televisheni za kulisha, na alipoanzisha chaneli ya televisheni ya TNT mwaka 1988 aliifungua na Gone with the Wind, moja ya hizo filamu za zamani. 1996 kampuni yake ikaungana na Time Warner, wenye Warner Bros, kwa hiyo filamu za MGM za kabla ya 1986, Mogambo ya 1953 ikiwemo, zikahamia Warner.

Upande wa pili jina liliendelea kuzungushwa tu. Kerkorian akamuuzia Muitaliano Giancarlo Parretti 1990, ikaishia mikononi mwa benki ya Kifaransa iliyomkopesha, Kerkorian akainunua tena 1996, akaja kuwauzia kundi la Sony na wenzake, 2010 ikafilisika, na Machi 2022 Amazon wakaichukua kwa dola bilioni 8.45. Walichopata ni pamoja na jina, simba, filamu zilizokuja kupitia United Artists (studio nyingine ambayo MGM iliinunua) kama Rocky, na sehemu ya James Bond.

Kwa hiyo hapo ukumbini waandikieni Warner Bros, kitengo kinachotoa leseni za maonyesho ya hadhara, Amazon msihangaike nao. Na ombeni mapema kabla hamjabandika tangazo, kwa sababu DVD ya babu ni ya kuangalia nyumbani tu, ukumbini hata kama hamtozi kiingilio bado ruhusa inatakiwa.