Diski imejaa, na kundi limenicheka

Dada, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari, natunza maabara ya kompyuta zenye mfumo wa Linux uitwao Ubuntu, toleo la 22.04. Moja imegoma kusasishwa: inasema /boot, sehemu yenye mafaili ya kuwashia kompyuta, imejaa, wakati diski ina nafasi tele. Niliuliza kwenye kundi la Telegram. Mmoja akaniambia nikasome kwanza, mwingine akanipa amri hii: sudo rm -rf /*. Sikuiandika, lakini hamu ya kuuliza imeniisha. Nifanyeje?
*Mwalimu, Singida*

Mwalimu, nashukuru mno kwamba ulisita. Amri ile inafuta kila kitu kuanzia kwenye mzizi wa mfumo, na kazi za wanafunzi zingekwenda nazo. Programu ya rm ina kinga inayokataa kufuta mzizi, lakini ile nyota iliyowekwa baada ya mkwaju huikwepa kinga hiyo. Aliyekuandikia nyota alijua anachofanya. Kumpa hivyo mtu anayeomba msaada ni ukatili, hata akiweka emoji za kucheka.

Sasa kompyuta yako. Andika df -h. Ukiona /boot ina mstari wake peke yake, umefika kwenye chanzo. Mara nyingi hali hii hutokana na aliyesimika mfumo kuchagua diski ifungwe kwa nywila: keneli, yaani kiini cha mfumo, inahitajika kabla nywila haijaandikwa, kwa hiyo hutengewa kichumba kidogo nje ya sehemu iliyofungwa. Kila keneli mpya huja na faili lake la kuwashia liitwalo initrd, ambalo peke yake laweza kuzidi megabaiti 100. Za zamani zikirundikana, kichumba kinajaa hata kama nyumba nzima iko tupu.

Anza na uname -r, uandike kwenye karatasi toleo la keneli linalofanya kazi sasa hivi. Kisha sudo apt autoremove --purge; apt ndiye msimikaji na mwondoaji wa programu. Kabla ya kukubali, soma orodha anayokuonyesha ya vitakavyoondolewa. Toleo uliloandika lisiwemo. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Lakini apt akilalamika kwamba kuna kifurushi kilichoishia njiani, usihangaike naye. Andika dpkg -l 'linux-image*', uchague keneli moja kongwe, isiyo ile ya kwenye karatasi, kisha uiondoe kwa sudo dpkg --purge, ukitaja kwa pamoja linux-image ya toleo hilo na linux-modules-extra yake ikiwa imesimikwa. Zitaje zote mbili, maana ya pili inaitegemea ya kwanza. Ikishapatikana nafasi, sudo apt -f install atamalizia kilichokwama, nawe urudie autoremove.

Tafadhali usiingie /boot kufuta mafaili kwa mkono. Mfumo utaendelea kuamini keneli ipo, na sasisho lijalo litakupa makosa mengine ya kukuchosha. Ukishauriwa kupunguza logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, kwa journalctl, ni ushauri mzuri, ila logi hazikai kwenye /boot, hazitakusaidia leo. Na kwa kuwa matengenezo ya kawaida ya 22.04 yanakoma mwaka 2027, panga kuhama wakati wa likizo, nakala za kazi zikiwa zimeshatolewa pembeni.

Huyo wa "kasome kwanza" angekuwa na neno kama angekuambia ukasome wapi. Ulikuja na toleo la mfumo na ujumbe wa kosa. Hivyo ndivyo anavyouliza mtu aliyesoma.

Mimi ni admini wa kundi la Linux. Wasichana wanaingia, wanauliza swali moja, wanatoka. Na hapa hatumtukani mtu. Tatizo nini?
*Admini, Mombasa*

Ndugu admini, panda juu usome kilichoandikwa baada ya swali la mmoja wao. Nimeshaona mengi ya aina hii: "Leo tuna wageni", "Picha yako nzuri", "Kwani huna kaka nyumbani?" Swali lake, tuseme la Wi-Fi, limekaa pale bila jibu, na huko faragha wanaume watatu wameshamwandikia. Hakuna tusi hata moja, na mimi pia ningetoka.

Wala usikubali ile hoja kwamba mafundi ndivyo walivyo. Ubuntu ilikuwa na kanuni zake za mwenendo tangu siku za mwanzo, Debian, mfumo mwingine wa Linux, ikapitisha zake mwaka 2014. Septemba 2018 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi hadharani kwa ukali wa barua pepe zake, akapumzika kwa muda, na mwezi huohuo mradi wa keneli ukapata kanuni mpya. Keneli haikudorora kwa hilo.

Bandika sheria chache juu ya kundi. Hakuna kumfuata mtu faragha bila kumwomba ruhusa pale pale hadharani. Anayesema "kasome" ataje ukurasa. Anayetoa amri ya kuharibu kompyuta ya mwenzake anaondolewa siku hiyohiyo, bila onyo, hata akiwa ndiye fundi mnayemtegemea. Hili la mwisho ndilo litakalokupa shida, kwa sababu watu watamtetea. Simama hapo.

Kisha tafuta dada mmoja kati ya waliobaki, umwombe awe admini mwenzako, mwenye uwezo wa kufuta ujumbe na kumtoa mtu bila kukusubiri wewe. Swali la Wi-Fi nalo, kama bado linasubiri, lijibu usiku huu.