Jibu: Pasheni inachanua kila siku ila haishiki matunda

Mkuu, kama ni ile ya njano, ambayo ndo inayofaa huko kwenye joto la Dar, shida ni kwamba umepanda mche mmoja tu. Hiyo haijichavushi yenyewe, inataka chavua (ule unga wa njano wa ua) ya mche mwingine uliotoka kwenye mbegu tofauti, ukikata kipande cha huohuo ukapanda haisaidii kitu.

Ongeza mche, halafu mchana maua yakishafunguka chukua kijiti chenye pamba, futa ule unga wa njano, paka kwenye vile vichwa vitatu vya juu vya ua la mche wa pili. Na tafadhali usipulizie dawa muda huo, utaua wale nyuki weusi wakubwa, hao ndo wachavushaji wenyewe.